Sifa za Bwana Kudhani

Waandishi wa programu wamemsema vibaya Bwana Kudhani kiasi cha kutosha. Leo namtetea, maana anayekupunguzia kazi asubuhi anastahili shukrani, hata kama usiku atakuzidishia.

Kwanza, ana adabu. Muulizaji ni kero tupu: anamkuta mwenye duka yuko na wateja, anamkatiza, "Samahani mzee, namba ya simu ya mteja ni ya kutunza tu, au kuna hesabu utaifanyia?" Mzee anamwona hana kazi. Kudhani hamsumbui mtu. Namba ni namba, anaiweka kama tarakimu za kujumlisha, na kompyuta, isiyoona maana ya sifuri iliyotangulia, inaifuta kwa kila mteja. Hakuna aliyeudhiwa. Ujumbe haumfikii mtu, lakini hakuna aliyeudhiwa.

Mwenye zahanati naye akisema kliniki ni saa mbili, Kudhani haulizi chochote. Anaandika 02:00, na mama mjamzito anakumbushwa miadi yake saa nane za usiku.

Msimdharau mkadhani ni wa vibarua vya mjini. Tarehe 4 Juni 1996 alipanda roketi ya Ariane 5 kule Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu ya mtambo wa kupima mwelekeo ilitoka kwa Ariane 4, ambako haikuwa imeleta shida. Ikadhaniwa kwamba kasi ya mlalo ya roketi mpya nayo itaenea ndani ya biti 16. Haikuenea. Mtambo wa akiba ukazima, na ule wa kazi ukaufuata, kwa kuwa yote miwili ilibeba programu ile ile (usawa ulioje!). Zilipotimu kama sekunde 40 tangu injini kuu kuwashwa, roketi ikalipuka pamoja na satelaiti zake 4. Ninachokipenda zaidi ni hiki: kipande cha programu kilicholeta balaa hakikuwa na kazi yoyote kwenye Ariane 5 baada ya kuruka. Kilipewa safari tu.

Na wanaosema Kudhani huua maswali wanamsingizia. Bodi ya uchunguzi, chini ya mwanahisabati Jacques-Louis Lions, iliyauliza yote, na ripoti ikatoka Julai mwaka ule ule. Kudhani aliyasogeza mbele tu, yakaulizwa na watu wenye vyeo vikubwa zaidi.