Jinsi ya Kuvumbua Mchungwa Usiougua

Ndugu yangu, nafasi ya ushujaa iko wazi. Ugonjwa unaoacha machungwa na rangi ya kijani, machungu na yamepinda, uligunduliwa Florida mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilivuna makasha zaidi ya milioni 240. Miaka ishirini baadaye halikufikisha hata milioni 20. Dawa ya kuponya mti hakuna. Anatakiwa mtu wa kutoa mchungwa sugu, na sioni kwa nini asiwe wewe.

Kwanza, tafuta mionzi. Habari za kuchanganya chavua waachie wengine, maana mchungwa ni mkaidi: mbegu zake nyingi huota nakala tupu za mama, baba akabaki jina kwenye daftari. Kata vijiti vyenye macho, vipeleke kwenye mionzi ya gama. Wenye subira hutafuta kwanza kipimo kinachoua nusu ya macho, wakafanya kazi karibu na hapo. Wewe zungusha mpaka mwisho. Macho yakifa yote, angalau hakuna lililougua.

Pili, chipukizi la kwanza likitokeza, lipige picha na ulipe jina. Jina kubwa: Mkombozi, Nusura, hata lako mwenyewe, usione haya. Atatokea mtu wa kukuambia kwamba jicho lina tabaka za seli, kwamba mionzi imegusa seli chache tu humo, kwa hiyo chipukizi lako ni viraka, na lazima ulibebeshe tena na tena, vizazi vitatu au vinne, mpaka badiliko litulie. Mshukuru. Kisha mwondoe kwenye orodha ya waalikwa.

Tatu, jaribio la ugonjwa. Hapa tulia unisikilize, maana hapa ndipo wengi huumbuka.

Wasio na haraka hubandika jicho la mti mgonjwa kwenye miche yao mingi, pembeni wakaweka miche ya mti mama usiopigwa mionzi, wakaipa ugonjwa uleule, wakangoja. Na kungoja kwenyewe si mchezo, kwani bakteria anayeleta ugonjwa huu anaweza kujificha mtini kwa miezi, pengine miaka, kabla jani halijaonyesha madoa ya manjano. Wewe panda mche wako ndani ya banda la neti safi. Ugonjwa huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu. Neti ikimzuia, mche utapendeza kama bibi harusi. Andika: "Haukuonyesha dalili yoyote." Hujasema uongo hata neno moja.

Mti mama usiuweke humo. Nao usipougua, watu wataanza kuuliza maswali.

Wakidai kipimo cha maabara, kubali kwa furaha. Bakteria hawajagawanyika sawasawa mtini: tawi hili wamejaa, lile hawapo. Chuma jani moja zuri, la tawi zuri, upeleke hilo.

Nne, azima sifa. Taja Richard Hensz wa Texas na mabalungi yake mekundu yaliyotokana na mionzi: Star Ruby, iliyotolewa mwaka 1970, na Rio Red ya 1984. Taja chenza la Tango la Chuo Kikuu cha California, Riverside. Taja haraka, asipatikane wa kukumbuka kwamba mionzi ilileta wekundu huko Texas na kuondoa mbegu kule California, na kwamba Star Ruby husumbuliwa sana na kuoza shina. Wajapani usiwaguse kabisa. Walipata pea inayokinza madoa meusi, kweli, lakini miti ilipandwa kwenye shamba la mionzi mwaka 1962, na tawi lisilougua likaonekana 1981. Mfano wa namna hiyo utakuharibia biashara.

Tano, uza miche mapema. Soko lipo hata kwetu: wadudu wanaoeneza ugonjwa huu, wa Kiafrika na wa Kiasia, wote wamekwisha kuonekana Tanzania. Lakini chagua mteja. Mkulima wa Muheza akikuuliza mche huu ulipewa ugonjwa lini, kwa njia gani, na mti mama uliokuwa kando yake ulikufa au la, huyo usimuuzie.