Jinsi ya Kuwa Gari Namba 214

Hongera, mdogo wangu, kwa kupata kazi kwenye kampuni kubwa. Leseni yako ya daraja E imetolewa nakala ikatiwa kwenye faili, na jina ulilopewa na bibi yako limebaki humo humo. Kuanzia leo unaitwa 214, kama kichwa cha lori ulichokabidhiwa. Usinune, hata mimi niliitwa hivyo kabla yako. Siku ya kwanza mlinzi wa yadi atakuuliza, "Mia mbili kumi na nne, umekula?" Utaguswa moyo, mpaka utakapogundua anaulizia dizeli.

Umepewa semi ya wazi: kitanda cha chuma kisicho na ukuta wala paa. Mwenzako wa kontena anafunga loki nne na kuondoka. Wa tangi hata sura ya mzigo wake haijui. Wewe una minyororo, mikanda ya racheti, mbao za kulalia mzigo, na maturubai mawili mazito kama ndama waliogoma kutembea. Usiulize utingo yuko wapi. Kampuni ilimwondoa kupunguza gharama. Kazi zake hazikuondolewa.

Safari ya kwenda kwa kawaida utabeba salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi migodi ya Katanga, ambako hutengenezewa tindikali ya kutolea shaba kwenye mawe. Iko kwenye viroba vya tani moja moja, na vumbi lake litakuwasha macho hadi Chalinze. Turubai linafungwa hivi: anza na la nyuma, halafu la mbele lilalie juu yake, upepo usipate mlango. Kaza kamba kila ndoano, shuka, zunguka gari, rudi ukaze tena. Ukimaliza, ukiwa umelowa jasho mpaka kwenye soksi, atakuja karani na kalamu sikioni akuambie ufungue, maana viroba bado havijahesabiwa.

Kuhusu mizani, soma sheria. Ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, inaruhusu gari na mzigo wake tani 56, ekseli zikiwa saba. Utaikariri, utafika na tani zako halali, na bado utazuiliwa, kwa sababu kila kundi la ekseli nalo lina kikomo chake. Viroba vimejisogeza mbele kidogo, mvua imeingia kwenye turubai, basi umezidi. Msaada wa kisheria utakaoupata ni simu kutoka ofisini: "Wewe ulipakiaje?" Usijibu kwamba foklifti ilipakia usiku, wewe ukiwa umezuiliwa getini kwa kukosa buti za usalama. Sema tu, "Nitakuwa makini, bosi." Sentensi hiyo ijifunze mapema. Itakufaa kuliko jeki.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe. Kwenye chumba chenye kiyoyozi kuna kijana anayekutazama kwenye skrini, ukiwa kidoti cha kijani. Ukisimama unageuka chekundu, naye anapiga. Kumbuka kanuni mbili za kampuni: ni kosa kushika simu unapoendesha, na ni kosa kutopokea simu ya ofisi. Nilikuwa Mikumi, pale barabara inapokatiza hifadhini na kila mnyama ukimgonga ana bei yake, nikasimama.

"214, mbona umesimama?"

"Tembo wanavuka."

"Wangapi?"

Nilitazama. "Sijawahesabu, bosi, ila wa mbele hana haraka."

Akataka picha. Ripoti ilihitaji kiambatisho.

Tunduma utapumzika, upende usipende. Foleni yake ni shule, maana humo utajua bei ya maji ya kuoga na utajua nani wa kumwachia gari na nani asisogelee tangi lako la dizeli. Lala upande wa tangi, sikio moja wazi. Faraja ipo ng'ambo: Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Utakaa mpakani siku nne, ukivuka Nakonde utarudishiwa dakika 60. Usizitumie vibaya.

Kasumbalesa kuna mambo mawili tu. Kongo wanaendesha kulia, kwa hiyo ubongo wako nao uvuke mpaka. Na mtu akikutajia *makuta*, hazungumzii ukuta, anataka hela.

Kurudi ndiko kwenye heshima, ingawa hutaipata. Shaba inakuja ikiwa mabamba yaliyofungwa mafungu kwa ukanda wa chuma, kila fungu tani mbili na ushei, na halikufiki gotini. Mafungu kumi na kitu yakipangwa kitandani, gari limejaa, na kwa mbali trela linaonekana limebeba hewa. Shemeji yako atakuona Makambako akusikitikie: "Pole, umerudi mtupu?" Mwitikie. Kumweleza mtu njiani kwamba una shaba ni njia ya haraka ya kugeuka habari ya redioni.

Hapa naacha utani kidogo. Ukifika Kitonga ukiteremka kuelekea Ruaha Mbuyuni, weka gia ndogo juu kabisa, kabla kona ya kwanza hujaiona, na uache injini ikushike. Breki ukizikanyaga mfululizo zitachemka, na zikichemka hazina tena kazi. Yupo atakayekwambia uweke nyutro ubane mafuta, kwa sababu kampuni inatoa bonasi kwa lita zilizobaki. Magari ya watu waliomsikiliza utayaona chini kwenye korongo. Simu itaita: "214, mbona mwendo mdogo?" Iache iite.

Nawe mwenye gari dogo, ukimkuta 214 anashuka Kitonga mwendo wa kinyonga na trela linaloonekana tupu, usimpigie honi. Ana tani 30 nyuma ya kisogo chake.