Baiskeli ya Mlima, Mwenyewe wa Lami

Hongera, mheshimiwa, kwa baiskeli ya mlimani. Imeletwa msitu wa Karura nyuma ya gari, imefungwa mikanda kama mgonjwa mahututi, na namba ya gari imezibwa. Trafiki utamweleza mwenyewe. Springi za mbele na nyuma zinang'aa, hazijaonja vumbi. Ila tairi umezijaza upepo wa barabara kuu: kwenye mizizi na changarawe zitakurusha. Zipunguze upepo, zibonyee kidogo ukikalia baiskeli. Siti nayo ipandishe, magoti yasigombane na kidevu. Wazee wa Kiambu walipanda miinuko mikali zaidi na madebe ya maziwa, kwa baiskeli zisizo na gia za kubadilisha. Na ile kofia ngumu ya bei mbaya, ivae. Ikining'inia kwenye usukani inalinda usukani.