Si Mwanafunzi, Si Mtu Mzima

Katika mashindano ya roboti ya FIRST, shirika lililoasisiwa na Dean Kamen huko Marekani mwaka 1989, mwanafunzi ni yule ambaye kufikia Septemba 1 kabla ya msimu hajamaliza sekondari. Mlezi mkuu wa timu naye sharti awe mtu mzima, na historia yake ichunguzwe. Sawa kabisa. Watoto walindwe, hapo sina ubishi.

Sasa mtazame kijana aliyemaliza shule mwezi Juni akiwa na miaka 17. Popo mtupu: si ndege, si mnyama. Msimu uliopita ndiye aliyeandika programu nzima ya kuliongoza lile dude. Msimu huu haruhusiwi kuliendesha uwanjani, maana hiyo ni kazi ya wanafunzi. Wala kuwa mlezi mkuu, maana hiyo ni kazi ya wakubwa. Mkubwa mwenyewe ni baba wa mtu, miaka 50, rekodi yake polisi nyeupe kama theluji, na bado anauliza betri inaingilia upande gani.

Kijana anaruhusiwa kumwonyesha. Kwa adabu, na mbele ya mtu mzima wa pili.