Mhadhara Mkuu Kuhusu Akili ya Makanga

Utendaji mkuu wa akili, yaani jumla ya stadi zinazomwezesha binadamu kupanga, kujizuia na kuacha njia moja akashika nyingine, umeandikiwa vitabu vingi na watu ambao hawajawahi kusimama mlangoni mwa matatu itokayo Kisii kwenda Keroka, na pengo hilo ndilo linalolazimisha mhadhara huu kutolewa na Mtaalamu, msomi ambaye cheo chake hakikutolewa na chuo chochote, na kwa hiyo hakuna chuo kinachoweza kukifuta.

Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza mwaka 1974 kwamba kumbukumbu ya kazi, ambayo ni uwezo wa kushika habari chache akilini kwa muda mfupi huku zikifanyiwa kazi, ina ghala mbili ndogo, moja ya maneno na nyingine ya picha na mahali, chini ya mtendaji mkuu anayegawa umakini, akiamua lipi litazamwe na lipi lipuuzwe. Baddeley aliongeza ghala ya tatu mwaka 2000, bila kumshauri Mtaalamu.

Mtendaji huyo yupo, naye huvaa sare. Kabla gari halijafika Keumbu, makanga anapaswa kujua kwamba mama wa kiti cha nyuma anashuka sokoni na ndizi zake, kwamba kijana wa dirishani ametoa noti ya 1,000 na bado anadai chenji, na kwamba mzee aliyesinzia hajalipa, wala usingizi wake si wa kweli. Akira Miyake na wenzake, waliowapima wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2000, walitenganisha stadi tatu ambazo hapa zote hufanya kazi kwa pamoja: kusasisha, kwa kuwa abiria akishuka deni lake hufutwa na la aliyepanda kuandikwa akilini, kujizuia, kwa kuwa kumjibu mlevi anayetukana hula nafasi ileile iliyoshikilia chenji ya kijana, na kubadili, kwa kuwa kizuizi cha polisi kikitokea hesabu huwekwa kando, mlango ukafungwa, kisha hesabu ikaendelea pale ilipoachwa.

Kuhusu ukubwa wa kumbukumbu hiyo ya muda mfupi, George Miller alitaja mwaka 1956 vitu saba, zaidi au pungufu kwa viwili. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004, ambazo Wakenya huziita za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ziliiwekea matatu ndogo kikomo cha abiria 14, idadi ambayo ni saba mara mbili, na Mtaalamu ameshatangaza kwamba serikali ilimsoma Miller. Nelson Cowan, aliyeishusha idadi hadi takriban vinne mwaka 2001, anahukumiwa kuwa hajawahi kufika Kisii. Ni kweli kwamba makanga huwakusanya abiria kwa safu za viti, hivi kwamba watu watatu huwa kitu kimoja akilini, na kwamba noti anazozikunja na kuzibana katikati ya vidole humkumbusha mengi ambayo kichwa kingeyaangusha. Mambo hayo yanamuunga mkono Cowan waziwazi, ndiyo sababu Mtaalamu hayajadili.

Malezi ya stadi hizi huanza mapema. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani walioishi miongoni mwa Wagusii, wenyeji wa Kisii, kuanzia 1955 hadi 1957 na kuchapisha kitabu kuhusu jamii yao ya Nyansongo mwaka 1966, walieleza jinsi watoto wanavyokabidhiwa wadogo zao wawalee, kazi inayomtaka mtoto acheze bila kumsahau aliye mgongoni. Mtoto huyohuyo akifika darasani akashindwa kukariri orodha ndefu huambiwa hana makini, shutuma ambayo hata Mtaalamu, asiye mwepesi wa huruma, anaiona kuwa ya kizembe.

Keroka yenyewe, mji uliokatwa na mpaka wa Kisii na Nyamira, ambako kaunti zote mbili zimevutania ushuru, ingestahili mhadhara wake kuhusu kubadili kanuni hatua kwa hatua, lakini gari linaondoka. Wasikilizaji wanaombwa kutaja mahali wanaposhukia mara moja tu, kutomuuliza makanga lolote anapohesabu, na wenye noti za 1,000 watafute chenji kabla ya kupanda.