Katuni za Usiku wa Manane, Kobe

Wilayani Ngara, Japani inajulikana kwa daraja. Lile la Rusumo, lililozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame Aprili 2016, lilijengwa kwa msaada wa Wajapani. Kwa hiyo kijana mmoja wa Rulenge alipopata ufadhili wa kusoma Kobe, ukoo mzima ulitegemea atarudi fundi wa madaraja. Habari iliyofika nyumbani ni kwamba anaangalia katuni.

Mtu mzima, ana ndevu! Baba yake mdogo aliuliza kwenye simu kama huko hakuna taarifa ya habari.

Ukweli ni kwamba anime, kama katuni hizo zinavyoitwa, ndizo soga za darasani, kantini na kwenye treni, na asiyejua hata moja hubaki kutikisa kichwa tu. Kazi ni kuchagua. Kwenye kibanda umiza mtu hasumbuki: mwenye kibanda anaweka, DJ anatafsiri juu kwa juu kwa Kiswahili na chumvi zake, watazamaji wanalipa. Kobe hakuna DJ. Kuna maandishi chini ya picha na majina maelfu.

Mshauri alipatikana: mtu wa Nyakahura, Biharamulo, aliyetangulia kufika na kwa sababu hiyo anajua kila kitu. "Anza na One Piece, mdogo wangu," alisema. "Hiyo ndiyo yenyewe." Hakutaja kwamba One Piece ilianza kurushwa Oktoba 1999, imeshapita episodi 1,100, na haijaisha. Kila moja ni dakika 24 hivi. Piga hesabu: zaidi ya siku 18, usiku na mchana, bila kulala wala kugusa tasnifu. Naruto nayo ina episodi 220, kisha unakuja mwendelezo wa 500, na nyingi ni za kujazia tu, maana watengenezaji walikuwa wakimsubiri mchoraji wa vitabu vya hadithi hiyo asonge mbele. Ushauri wa watu wa Biharamulo upimwe kwanza. Mgeni ajishikize kwenye fupi: Cowboy Bebop ya 1998 ina 26 na mwisho wake unaeleweka, nyingi za siku hizi hutoka kwa mafungu ya 12 au 13, fungu jipya kila Januari, Aprili, Julai na Oktoba.

Halafu kuna saa. Ratiba za televisheni za Japani huandika 25:30, kana kwamba siku ya huko imeongezewa posho, na maana yake ni saa saba na nusu usiku. Muda huo ni wa bei nafuu, basi kampuni zenye katuni huununua ili kuitangaza kazi yao. Kijana wa Rulenge hakuhangaika. Japani imeitangulia Tanzania kwa saa sita, na Waswahili huanza kuhesabu saa alfajiri, kwa hiyo saa ya ukutani Kobe husoma namba ileile inayotamkwa Rulenge. Inaposoma moja na nusu usiku wa manane, kwao ni saa moja na nusu usiku. Katuni ikiisha, nyumbani wanavuta viti kusubiri taarifa ya saa mbili.

Majalada yanadanganya, hilo nalo alijifunza. Hotaru no Haka ya Isao Takahata ina watoto wawili na vimulimuli kwenye jalada, akadhani ni ya kuchekea. Ni ya kaka na dada waliobaki yatima Kobe ilipopigwa mabomu mwaka 1945, na kaka anafia kituo cha treni cha Sannomiya, ambacho vijana wetu hupita wakienda darasani. Mwaka 1988 ilitolewa siku moja na Totoro ya Hayao Miyazaki, zikaonyeshwa pamoja, sijui nani alipanga. Mtu wa Ngara ana lake la ziada. Aprili 1994 wakimbizi takriban 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo ndani ya saa kama 24, na Benaco, hapo hapo Ngara, ikageuka mji wa maturubai. Mtoto kama wale wa katuni, mwenye kopo la pipi lililobaki tupu, asingeshangaza mtu pale. Yule wa Nyakahura, aliyekuja kutania, aliaga mapema akisema ana kazi ya darasa.

Iliyoshinda ni Sazae-san, ambayo kijana yeyote wa Kijapani angeona aibu kuipendekeza. Inarushwa kila Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni tangu Oktoba 1969. Rulenge ni saa sita na nusu mchana, watu wametoka kanisani. Haina panga wala majitu. Kuna mama, Sazae mwenyewe, anayesahau pochi sokoni, na mdogo wake Katsuo aliyeko darasa la tano tangu enzi hizo. Tena kuna Masuo, mume wa Sazae, anayeishi kwa wazazi wa mke. Anakula meza moja na baba mkwe, kila siku, na kuongezewa wali!

Hilo liliposimuliwa kwenye simu, uwanja mzima ulilipuka. Sasa baba mdogo ndiye anayepiga kila Jumapili kuuliza kama yule bwana ameshapata kiwanja. Anajibiwa kwamba ni zaidi ya miaka 50 sasa, na leo pia amekula kwa wakwe.