Kuku Hanunui Vanishi

Katika nyumba nyingi zenye kuku wanne watano uani, mayai hayapatikani pale mwenye nyumba alipopanga. Fundi amelipwa, mbao zimepigwa randa, kiota kimepakwa rangi ya kijani, na mtetea anakipita bila hata kukisalimu, anakwenda kutaga kwenye beseni la nguo zinazosubiri pasi. Mwenzake huchagua nyuma ya gunia la mkaa. Wa tatu, mwenye vyeo, hupendelea godoro la mgeni ambaye bado hajaaga. Lawama zote humwangukia kuku, kwamba hana akili. Ninachodai ni kinyume chake: katika mkataba huu kuku ndiye anayejua anachotaka, na dumu kuukuu la lita 20 laweza kulishinda sanduku la seremala, kwa kuwa pesa nyingi za kiota hununua vitu ambavyo mtagaji hakuviomba.

Tuanze na ushahidi. Babu wa kuku wetu ni kuku wa mwituni wa kusini na kusini-mashariki mwa Asia, ambaye hadi leo hutaga chini, kichakani, penye kivuli na pasipo macho ya watu. Maelfu ya miaka ya kulishwa pumba hayakuifuta tabia hiyo. Mtetea anayekaribia kutaga huhangaika, hukagua pembe, huchungulia, hutoka, hurudi, na sauti anayotoa si ya mteja aliyeridhika na huduma. Watafiti wa tabia za wanyama nchini Uingereza waliwawekea kuku milango ya kusukumwa kwa nguvu, wakaona kuwa anayekaribia kutaga hukipigania kiota kwa bidii inayolingana na ya mwenye njaa anayekitafuta chakula. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo lake la 1999 kuhusu kuku wa mayai, uliweka sharti la angalau kiota kimoja kwa kila kuku saba katika mabanda yasiyo na vizimba. Wanachokitafuta kuku kwa juhudi zote hizo ni giza kiasi, faragha, ukavu, kitu laini cha kukalia, na nafasi ya kujigeuza. Hakuna kuku aliyeonekana akisukuma mlango kwa ajili ya vanishi. Ukiisoma orodha hiyo kwa haki, beseni la nguo linatimiza karibu masharti yote, isipokuwa ridhaa ya mwenye nguo.

Sasa lipime dumu. Likilazwa ubavu, likakatwa upande wa mdomo na kuachiwa ukingo wa vidole vinne kwa chini ili mayai yasibingirike nje, linamtosha kuku wa kienyeji. Makali ya plastiki yasuguliwe kwa msasa au yavishwe kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani yaingie maranda makavu au nyasi. Mlangoni uning'inie upande mmoja wa gunia, kwa sababu plastiki ya njano hupitisha mwanga na mtetea hataki jukwaa. Kuku mzito wa kisasa apewe kreti au boksi la mbao za mabaki, lenye kama sentimita 35 kila upande. Dumu liwe lililobeba mafuta ya kula, likaoshwa kwa sabuni. Lililobeba dawa ya kuulia wadudu lisiguswe kabisa. Lifungwe kwa waya lisiyumbe, tena chini kuliko kichanja, maana kuku hulala mahali pa juu kuliko pote, na kiota kilichowekwa juu hugeuka chumba cha kulala usiku na choo alfajiri.

Watasema: rahisi ni ghali. Methali hiyo ina heshima yake, lakini hapa imebisha hodi nyumba isiyo yake. Adui mkubwa wa kiota ni utitiri, wadudu wanaojificha mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Maskani wanayoyapenda ni nyufa, na hakuna mwenye nyufa nyingi kama sanduku la mbao lenye viungo vizuri vya seremala. Dumu halina viungo. Hutolewa, humwagwa matandiko, huoshwa, hukaushwa juani na kurudishwa kabla chai haijapoa. Ni kweli jua huifanya plastiki ikauke na kupasuka, na chini ya bati hugeuka tanuri. Basi liwekwe kivulini. Na likipasuka, msiba wake ni mdogo: lipo lingine jikoni linakaribia kuisha mafuta.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: unaweka madumu matatu, na kuku wote wanapanga foleni kwenye moja, mmoja akimkalia mwenzake mgongoni, wakati mawili yanabaki wazi. Hilo hutokea kweli, ila halitokani na urahisi wa dumu. Foleni hiyohiyo huonekana kwenye viota vya bei mbaya. Kwa kuku, yai lililokwishatagwa ni hati kwamba mahali hapa pana usalama. Kwa hiyo mwenye nyumba na atoe hati hizo mwenyewe: jiwe jeupe laini au mpira wa gofu ndani ya kila dumu. Mtetea, ambaye hakudanganyika na rangi ya kijani, hapo atadanganyika vizuri sana. Mayai ya kweli yaokotwe mapema, kwa kuwa yakijikusanya humwita mmoja aanze kuatamia, na huyo atalikalia dumu wiki tatu huku akiwadonoa wapangaji wenzake.

Linabaki pingamizi moja ambalo halisemwi kwa sauti: majirani wataonaje? Wataona madumu. Anayetaka kiota kiwe pambo la ua ana haki yake, mradi asidhani anamjengea kuku. Asiye na hamu hiyo apeleke pesa iliyosalia kwenye chanjo ya kideri. Ile inayotolewa kwa tone moja jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na ni kawaida kusikia kwamba hakuna pesa ya chanjo hiyo, hata katika nyumba iliyomlipa fundi juzi. Kideri huweza kulimaliza banda zima kwa siku chache, na kuku aliyekufa hatagi hata kwenye sanduku la mninga.